Beki wa Kushoto wa Daraja la Nne

Kazi niliyoajiriwa kuifanya ilikuwa kumsaidia mzee mmoja Mwingereza kuoga, kuvaa, kula, kutembea na kuongea. Hayo manne ya kwanza nilikuwa nimeyafanya miaka kumi na mitatu, kwanza katika wodi ya wanaume huko Kakamega, halafu katika nyumba za watu hapa Doha. La tano lilikuwa geni kwangu. Mzee alikuwa amepata kiharusi, mkono wa kulia ukalala, na maneno yakawa yanamjia kwa zamu, mengine leo, mengine kesho. Mtaalamu wa matamshi alikuwa amesema aongee nusu saa kila siku, juu ya jambo lolote analolipenda. Binti yake, ambaye ndiye aliyeniajiri, alinieleza haya tukiwa jikoni, kisha akaniuliza kama ninafahamu lolote kuhusu mpira wa miguu. Nikamwambia sifahamu. Akasema labda ni afadhali.

Tulikaa Al Wakrah, katika kampaundi ya nyumba kumi na mbili zinazofanana kabisa. Wiki ya kwanza niliingia nyumba ya watu wengine na kuchemsha maji ya chai kabla ya kugundua kwamba sufuria si zetu. Madam, yaani binti wa Mzee, alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja kule Al Wukair. Alimleta baba yake huku baada ya mama yake kufariki, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kubaki naye. Mzee hakulalamika. Alisema tu kwamba hajawahi kuishi mahali ambapo watu hawazungumzii mvua.

Mimi nilimwita Mzee, na nilipomweleza maana yake aliridhika nalo. Yeye aliniita Sista, kwa sababu kwao wauguzi ndivyo wanavyoitwa, na kwa sababu jina langu lilikuwa miongoni mwa maneno ambayo hayakuwahi kumwingia.

Wazo la kuandika halikuwa langu. Kulikuwa na mtu kule kwao, mstaafu wa kazi ya maktaba, aliyekuwa akikusanya kitabu cha historia ya timu ambayo Mzee aliichezea miaka ya sabini. Alimwandikia madam akiomba kumbukumbu za msimu mmoja tu, ule ambao timu ilimaliza karibu na mkia. Alisema wachezaji wa msimu ule walio hai bado ni wanne, na mmoja kati yao hajui tena kwamba aliwahi kucheza mpira. Mzee alisomewa barua hiyo mpaka mwisho. Hakuuliza hao wanne ni akina nani. Alisema, "Nitaandika." Kisha akautazama mkono wake wa kulia, halafu akanitazama mimi.

Nilikwenda bakala, duka dogo la mtaani, nikanunua daftari. Ya mistari yalikuwa yameisha, kwa hiyo msimu mzima wa daraja la nne la Uingereza uko katika daftari la miraba, lile la hesabu.

Siku ya kwanza Mzee aliongea dakika thelathini na mimi nikaandika sentensi tatu. Ya kwanza ilisema, "Tulikuwa timu mbovu." Ya pili ilisema, "Lakini hatukuanza vibaya." Ya tatu aliniambia niifute.

Ilinichukua wiki nzima kuelewa mambo yalivyokuwa. Siku hizo ligi yao ilikuwa na madaraja manne, na timu yake ilikuwa katika la nne. Chini ya hapo hapakuwa na daraja la kushukia. Badala yake, timu nne za mwisho zilikwenda kwenye mkutano wa mwaka, mbele ya timu nyingine, kuomba kura ili zibakizwe. Nilimwuliza kama walipiga magoti. Alifikiri kidogo, akasema hapana, walivaa suti.

Yeye alikuwa beki wa kushoto. Nilimwuliza kazi ya beki wa kushoto ni nini. Akasema ni kumzuia mtu mwenye mbio kuliko yeye. Nikamwuliza kama aliweza.

"Andika kwamba nilijaribu," akasema.

Mji wao ulikuwa mdogo, wa kaskazini, wenye kiwanda cha matofali na stesheni ya treni. Uwanja uliinama kuelekea reli, kwa hiyo kipindi kimoja timu ilicheza ikipanda na kingine ikishuka. Kocha alikuwa mtu mzima wa kuvuta kiko, na maelezo yake kabla ya kila mechi yalikuwa hayo hayo: mnajua cha kufanya. Mzee alisema hawakuwa wakijua. Baada ya mechi wachezaji wote walioga katika bafu moja kubwa la saruji, kwa maji yale yale, pamoja na matope ya siku hiyo na majeraha yao. Mimi ni muuguzi. Niliandika hilo bila kutia neno.

Kabla ya msimu kuanza, kocha aliwaamuru wachezaji wapake rangi viti vya jukwaa. Walipaka rangi ya buluu na wakamaliza Ijumaa jioni. Mechi ya kwanza ilikuwa Jumamosi. Mashabiki walikaa wakiwa wamevaa nguo zao nzuri, maana ulikuwa ndio mwanzo wa msimu. Dakika za mwisho timu ikapata bao la ushindi, jukwaa zima likainuka kushangilia, na hapo ndipo watu walipotazamana nyuma. Mzee alisema kwa miaka mingi pale mjini uliweza kumjua mtu aliyekuwepo siku ile kwa suruali yake. Hiyo ndiyo habari ya kwanza aliyoisimulia bila kukwama, na alipoimaliza upande wa kulia wa mdomo wake ulisogea kidogo. Nililiandika hilo katika faili la matibabu.

Baada ya siku hiyo walifungwa mfululizo. Mzee alizikumbuka mechi zote kwa mpangilio: mji, hali ya uwanja, upepo ulikotoka, nani alimpiga teke na kwenye mguu upi. Kijiko alikiita "kile" na jokofu aliliita "kabati la baridi". Lakini aliweza kuniambia kwamba mechi fulani ya Novemba, miaka hamsini iliyopita, ilichelewa kuanza kwa sababu wavu wa goli la kaskazini ulikuwa umeazimwa na wavuvi. Kila siku baada ya chakula cha mchana niliketi na daftari, yeye akatazama dirishani, na tukacheza mechi moja. Kwa mbali lilionekana paa jeupe la uwanja mkubwa uliojengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia. Madam alikuwa amemwambia kwamba uwanja huo una hewa baridi hadi kwenye viti. Mzee aliuliza mara moja tu kama viti vyake vimekauka, na hakuutaja tena.

Mambo nisiyoyaelewa nilimwuliza dereva wa kampaundi, Mganda wa Jinja, ambaye alitupeleka kliniki kila Jumatatu na Alhamisi. Alikuwa shabiki wa mpira wa Uingereza tangu akiwa mdogo. Alinifundisha maana ya kuotea kwa kutumia vikombe vinne vya chai ya karak juu ya boneti ya gari, na kwa sababu sikuelewa mara ya kwanza aliagiza vingine viwili. Aliposikia kwamba Mzee aliwahi kucheza mpira wa kulipwa huko huko Uingereza, Alhamisi iliyofuata alikuja amevaa shati la kola. Alimwuliza Mzee jina la timu. Mzee akalitaja. Dereva akaendesha kimya mpaka kwenye mzunguko wa barabara, kisha akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, macho barabarani, "Sista, hiyo timu haiko."

Nikamwambia iko, na kwamba nimeshafika mechi ya kumi na nane. Akauliza wanaendeleaje. Nikamwambia vibaya.

Toka siku hiyo kila tulipoingia garini aliniuliza matokeo, kana kwamba wamecheza jana. Nikimwambia wamefungwa, alitikisa kichwa na kuwalaumu wachezaji wa kiungo.

Mechi iliyomuudhi zaidi ni ile ya ukungu. Ilikuwa Desemba, nyumbani. Ukungu ulipanda kutoka mtoni ukafunika uwanja, mpaka Mzee, akiwa upande wake wa kushoto, hakuweza kumwona beki mwenzake wa katikati, ingawa alimsikia akikohoa. Alisikia watu wakishangilia mara mbili, na mara zote mbili ilibidi aulize kilichotokea. Timu yake ilikuwa imefunga mabao mawili. Hawakuwa wamewahi kuongoza kwa mabao mawili msimu ule. Zikiwa zimebaki dakika ishirini refa akaivunja mechi, kwa kuwa alikuwa amepiga filimbi ya faulo na hakuna aliyejua ni ya upande gani, hata yeye mwenyewe. Mechi ilirudiwa Februari, anga ikiwa safi kabisa, na wakafungwa manne.

Nilimwuliza Mzee kama yale mabao mawili ya ukunguni yaliandikwa popote. Akasema hapana, mechi iliyovunjwa haihesabiki. Nikayaandika. Dereva alisema huo ni uonevu na kwamba angekata rufaa.

Basi tukafika Machi, tukafika Aprili, huku nje ikiwa bado Januari na watu wa Al Wakrah wakitembea ufukweni na makoti. Nahodha alivunjika mguu. Kocha alianza kusahau majina. Mzee alinenepa kidogo, na siku moja alisema "kijiko" bila kuulizwa. Ilibaki mechi ya mwisho tu.

Nilikaa, nikafungua ukurasa mpya, nikaandika namba ya mechi.

"Sare," akasema Mzee. "Haikutosha. Tukaenda kuomba kura. Tukapata. Mwisho."

Nikatazama saa. Ilikuwa dakika moja na nusu. Huyu ni mtu aliyewahi kutumia nusu saa nzima kwa mpira wa kurushwa. Nikamwuliza ilikuwa sare ya ngapi. Akasema moja moja, na kwamba amechoka. Kesho yake nilijaribu tena, akanieleza kuhusu mkutano wa kura: jinsi mwenyekiti wa timu alivyowapelekea wenyeviti wenzake soseji za mji wao, boksi moja kwa kila mwenye kura, na jinsi mwenyekiti mmoja aliyekuwa hali nyama alivyopiga kura ya kuwakataa. Nilicheka. Yeye hakucheka. Siku ya tatu hakutaka kuongea kabisa, na shinikizo lake la damu lilikuwa limepanda. Nilimwambia madam. Akasema labda ni huzuni ya kumaliza.

Siku ya nne nilikuwa nimepiga goti mbele yake nikimvisha viatu tutoke kutembea. Nilikuwa nimeshafunga kamba za kulia na nimeanza za kushoto aliposema, "Zilikuwa zimefungwa."

Nikasema za kushoto bado.

"Siku ile," akasema. "Kamba. Zilikuwa zimefungwa."

Niliacha mikono yangu pale ilipokuwa. Ilimchukua karibu saa nzima, na mara nyingi alikwama nikamwacha akwame, maana mtaalamu alikuwa ametukataza kummalizia maneno. Aliyonieleza ni haya.

Mechi ya mwisho ilikuwa nyumbani. Wangeshinda, wangepanda juu ya zile timu nne na wasingeomba kura ya mtu. Zikiwa zimebaki dakika tano ilikuwa moja moja, na refa akawapa penalti. Mpigaji wao wa kawaida alikuwa nahodha, ambaye alikuwa jukwaani na mguu wake katika plasta. Alhamisi ya wiki ile kocha alimkuta Mzee kwenye ujia wa ofisi, akatoa kiko mdomoni, akamwambia ikitokea penalti apige yeye. Hapakuwa na mtu mwingine pale. Refa alipoonyesha kidole kwenye doa la penalti, Mzee alikuwa hatua kama kumi kutoka kwenye mpira. Akainama, akaanza kufunga kamba za viatu. Kamba zilikuwa zimefungwa. Alizifungua na kuzifunga tena. Alipoinuka, winga wa kulia, mwanamume aliyekuwa ameoa mwezi uliotangulia, alikuwa amekwisha kuuweka mpira chini. Aliupiga ukapita juu ya mwamba, juu ya jukwaa la nyuma ya goli, ukaangukia relini.

Winga yule alizomewa mpaka akaingia ndani. Gazeti la mji liliweka picha yake ukurasa wa kwanza, ameshika kichwa. Kiangazi kile timu ilimwacha, na baada ya mwaka mmoja akahamia mji mmoja wa pwani akawa tarishi wa posta. Mzee yeye alibaki misimu mingine mitano. Alipostaafu walimpa kiti chake jukwaani, chenye jina lake. Kocha alifariki bila kulitaja jambo lile, na kwa miaka hamsini hakuna mtu aliyeuliza.

"Niliogopa, Sista," akasema. "Hakuna zaidi."

Kuna asubuhi moja huko Kakamega ambayo siipendi kuikumbuka. Mgonjwa wetu alikuwa amefariki alfajiri, na ndugu zake walikuwa wamefika na chupa ya uji, wamekaa kwenye benchi nje wakisubiri saa ya kuona wagonjwa. Sista mkuu aliingia akauliza ni nani atakayetoka kuwaambia. Mgonjwa alikuwa wangu. Niligeukia kabati nikaanza kupanga bandeji ambazo nilikuwa nimezipanga mwenyewe nusu saa kabla. Mwenzangu alinitazama mgongoni, nadhani, halafu akatoka yeye. Mama wa marehemu alimpiga kofi. Mwenzangu alirudi akanawa uso, tukaendelea na zamu, na hatujalizungumza mpaka leo.

Sikumwambia Mzee habari hiyo. Nilimaliza kufunga kiatu cha kushoto, tukatembea hatua ishirini kwenda na ishirini kurudi. Tulipofika kwenye kiti nilimwuliza kama niandike.

"Andika," akasema.

Madam aliusoma ukurasa ule aliporudi kutoka shuleni, amesimama, mkoba ungali begani. Aliusoma mara mbili. Kisha akaniambia kwa upole kwamba sehemu hiyo tuiache. Alisema watu wa mji ule wanampenda baba yake, na kwamba kitu pekee alichobakiza kule ni hicho kiti. Alisema pia kwamba mtu aliyepata kiharusi huweza kujitungia hatia. Nikamjibu kwamba sijui lililotokea uwanjani, ila kwamba siku hiyo hakukosea hata tarehe moja.

Nilikuwa katika hali ngumu. Aliyetia sahihi mkataba wangu ni madam, na aliyeniambia niandike ni mgonjwa wangu. Usiku sikuwa na raha. Asubuhi, ilikuwa Ijumaa, nilimwambia Mzee kwamba siwezi kutuma kitu ambacho binti yake hataki kitumwe, na kwamba kama anataka kitumwe itabidi amwambie yeye mwenyewe. Nikaweka mkate wa kukaanga mezani nikakaa pembeni.

Alimwambia. Ilichukua muda mrefu, chai ikapoa. Neno "penalti" lilimkataa kabisa, akalionyesha kwa kuweka bakuli la sukari mbele ya kopo la jemu. Madam alikuwa amezaliwa wiki mbili baada ya mechi ile. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akauliza jambo moja tu, kama mama yake alijua.

"Hapana," akasema Mzee. "Alikuwa jukwaani. Alimzomea yule kijana, yeye pia."

Madam aliondoa bakuli la sukari akalirudisha mahali pake. Akanigeukia.

"Tuma," akasema.

Nilipiga picha kurasa zote za daftari la miraba, nikazituma. Siku ya tano yule mstaafu wa maktaba alijibu. Alishukuru, akasema mwandiko wangu unasomeka, kisha akaomba ruhusa ya kumwonyesha winga kabla ya kuchapisha, kwa kuwa ni mmoja wa wale wanne walio hai. Ndipo nilipoelewa kwa nini Mzee hakuwa ameuliza majina. Alisema aonyeshwe.

Winga alipiga simu ya video Jumamosi, alasiri kwetu. Madam aliegemeza tableti kwenye kopo la jemu lile lile. Dereva alikuwa ameomba ruhusa ya kuwepo, na alisimama mlangoni mwa jikoni na shati lake la kola, mikono nyuma. Kwanza tuliona paji la uso na taa ya dari. Mkono wa mwanamke ukaingia ukaishusha simu, na hapo tukamwona mzee mwembamba mwenye masikio makubwa, amevaa sweta.

Walitazamana. Madam akaanza kusema kitu, akaacha.

"Nimesoma," akasema winga.

Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Kamba zako zilikuwa zimefungwa."

"Ndiyo."

"Niliziona. Nilikuwa nyuma yako."

Mzee alitafuta maneno. Sote tulimsubiri, na winga naye akasubiri, jambo ambalo watu wengi hawalijui. "Kocha aliniambia mimi," akasema mwishowe. "Alhamisi. Mpira ulikuwa wangu."

"Mimi aliniambia Jumanne," akasema winga.

Nilimtazama dereva. Alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Mzee alijiinua kitini kwa mkono wa kushoto. "Alhamisi inakuja baada ya Jumanne," akasema, kwa sauti safi ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Neno la mwisho ndilo linalofuatwa. Ilikuwa penalti yangu."

"Basi ungekuja kuichukua."

"Nilikuwa nafunga kamba."

"Zilikuwa zimefungwa," akasema winga.

Walibishana robo saa. Winga alisema kocha alikuwa ameanza kusahau na huenda alimwambia hata kipa. Alisema vilevile kwamba yeye aliutaka mpira ule, kwamba alikuwa amejifanyia mazoezi wiki nzima nyuma ya kiwanda cha matofali, na kwamba hata Mzee angeusogelea asingempa. Mzee alikataa katakata. Alikuwa ameibeba hatia hiyo miaka hamsini akiamini ni yake peke yake, na sasa mtu anakuja kumwambia kwamba nusu si yake. Alikasirika kweli. Nilipima shinikizo la damu baadaye, likawa zuri.

Kisha mke wa winga akaingiza uso wake kwenye picha. Alikuwa na nywele nyeupe na miwani ya kusomea. Alisema kwamba hao wawili wanaweza kubishana watakavyo, lakini mwaka mzima baada ya harusi yake alipanda basi kwenda kununua mkate mji wa jirani, kwa sababu katika duka la mtaani watu walinyamaza kila alipoingia. Alisema mumewe hakulaumu mtu. Yeye aliwalaumu wote.

"Sehemu ya kamba usiifute," akamwambia Mzee.

"Siifuti," akasema Mzee. Halafu akasema, "Samahani." Neno hilo hatukuwa tumewahi kulifanyia mazoezi.

Mwanamke yule akavua miwani. Akasema, "Sawa." Kisha akauliza kama ni kweli huku kuna joto namna hiyo, na madam akamwambia mwezi huu bado.

Baada ya hapo walipigiana kila Jumanne. Mtaalamu wa matamshi alishangaa, akaniuliza tunatumia mbinu gani. Nikamwambia ni ubishi. Aliandika kitu. Kitabu kilipotoka, ukurasa wa kamba ulikuwemo wote, neno kwa neno, na ile mechi ya ukungu ilikuwa imepunguzwa ikawa mstari mmoja. Mzee alikasirikia hilo la ukungu siku nzima. Hakuna aliyeandika kutoka mjini kumlaumu kwa habari za penalti. Mtu mmoja tu aliandika, kuuliza kuhusu suruali yake.

Mwezi wa sita mkataba wa madam uliisha, wakarudi kwao. Kwenye uwanja wa ndege Mzee alinipa mkono wa kulia. Haukuwa na nguvu, lakini aliuinua mwenyewe. Dereva alibeba masanduku na hakukubali yeyote amsaidie.

Sasa niko Al Sadd, ghorofa ya tisa, na bibi mmoja wa hapa hapa aliyevunjika nyonga, ambaye hapendi kelele za televisheni na anatembea vizuri kuliko anavyotaka watoto wake wajue. Mwezi uliopita madam alinitumia picha. Wazee wawili wamekaa jukwaani na makoti ya mvua, mmoja amenyoosha mguu, mwingine ana fimbo. Hawatazamani, wote wanatazama mbele. Jukwaa lina watu wachache. Nilimwandikia nikamwuliza nani alikuwa anaongoza. Akajibu kwamba mpira ulikuwa haujaanza, ila walikuwa wametaka kuwahi.